Chuma Alichokataa Kukiweka Chini

"Lala kifudifudi. Kifua chote kwenye benchi."

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu uliondoka nayo mwaka juzi. Lala."

Dereva wa malori akalala. Dambeli mbili ndogo, vyuma vya kushika mkononi, zilimsubiri chini, kocha amesimama kando yake. Wawili hawa walikuwa wachumba. Mwaka juzi mwanaume alitoka jimu hii akitabasamu, kesho yake akazima simu, wala kocha hakujua kisa. Leo alibisha hodi akilalamikia mgongo. Kocha alishalia, akanyamaza, akapona. Kilichobaki ni hamu ya kujua, nayo ilimwasha kuliko upele.

Simu yake ikatoa mlio mfupi. Ulikuwa ujumbe wa mhasibu, mwanaume mpole anayemchumbia sasa.

"Nimengoja bila kukusumbua. Utakubali tuoane? Naomba jibu leo."

Akairudisha mfukoni.

"Vuta. Usitumie nguvu za mikono, peleka viwiko nyuma. Na mabega yashushe, umeyapandisha masikioni."

"Kwa nini nisifanye lile la kuinama na chuma kirefu? Wenzangu wote wanafanya hilo."

"Ukiinama unaiba, kiuno kinafanya kazi ya mgongo. Hapa kifua kimeshikwa, hakuna pa kuibia. Mgongo unauma tangu lini?"

Dambeli zikapanda, zikashuka.

"Tangu siku ile ya mwisho."

Kocha akachuchumaa.

"Niambie. Kama uso wangu unakuogopesha, sema na sakafu."

"Uliniambia nikiweke chini kile chuma, mgongo wangu umekunjika. Watu walikuwa wanatazama. Nikaongeza uzito."

"Nakumbuka. Ulikivuta."

"Nilikivuta, na kiunoni kitu kikaachia. Nikatabasamu mpaka mlangoni. Baada ya hapo hata kamba za viatu dada yangu ndiye aliyenifungia."

"Na simu?"

"Ningesema nini? Kwamba ulikuwa sahihi?"

"Kwa hiyo uliniacha kwa sababu nilikuwa sahihi."

"Ukilisema hivyo linachekesha."

"Halichekeshi. Nilidhani umepata mwingine. Nilijikagua kwenye kioo nikitafuta kasoro."

"Kasoro ilikuwa yangu. Niliona aibu, na kadiri nilivyokaa kimya ndivyo ilivyozidi. Nisamehe."

Kocha alitaka kumpiga teke na kumkumbatia, vyote kwa pamoja. Bado alikuwa anampenda, na hilo lilimuudhi. Lakini ulimi hauna mfupa, hata mwongo hutubu vizuri.

"Inuka. Sasa fanya hilo la kuinama. Uzito chagua mwenyewe."

Wanaume wawili kando yao wakaacha vyuma vyao, wakageuka kutazama. Dereva akawaona. Akatazama uzito uliopangwa ukutani, kisha akachukua chuma kitupu, bila kuongeza chochote. Mmoja wao akacheka. Dereva akakunja magoti kidogo, akainama, akavuta hadi tumboni. Akavuta tena.

"Mgongo umeanza kukunjika," kocha alisema.

Akakiweka chini palepale, mbele ya watu, wala hakubisha.

Kocha akatoa simu, akaandika taratibu: "Wewe ni mtu mwema, ndiyo maana sitakudanganya. Jibu langu ni hapana. Nisamehe."

"Kesho nije saa ngapi?" dereva aliuliza.

"Asubuhi. Na uje na huyo aliyekuwa akikufungia viatu. Nina maswali kwa wifi yangu."