Mashine ya Mpunga na Maji ya Lwimba

Mtaa wetu wa Mikelenge, hapa Kindu, ulikuwa unaamshwa na mchi. Pu! Pu! Pu! Kabla jua halijapanda vizuri, Mama Mauwa alikuwa tayari kwenye kinu. Alitwanga mpunga wa kantini ya watu wa reli. Madebe mawili kila siku, na yote yafike kabla ya saa nne asubuhi.

Mwaka ule wa 1976, bega la kuume la Mauwa lilimkatalia. Hakuweza tena kujifunga kilemba mwenyewe. Binti yake, Bitota, ndiye aliyemfunga, kisha akashika mchi na kutwanga peke yake. Bitota alikuwa na miaka kumi na tano.

Mwezi wa sita, barua ikaja. Bitota amefaulu! Amepata nafasi katika shule ya ufundi, upande wa umeme. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Lakini barua ilisema pia kwamba masomo yanaanza saa moja na nusu asubuhi. Na prefe, yaani mkuu wa shule, aliandika wazi: mwanafunzi asiyefika mpaka tarehe kumi na tano ya mwezi wa tisa, nafasi yake anapewa mwingine.

Saa moja na nusu asubuhi ilikuwa saa ya kinu.

"Baba, nitaenda?" Bitota aliuliza.

"Utaenda!" baba yake alijibu. "Mimi Kankolongo nimesema."

Kankolongo alikuwa mtu wa Kasai. Miaka ishirini alikuwa ametengeneza lokomotive za mvuke, yaani vichwa vya treni, kwenye karakana ya reli. Mikono yake ilijua kazi, na mdomo wake ulijua kuisifu. Rafiki yake wa Kalima alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, yenye mota ya umeme. Ilikuwa imetupwa nyuma ya nyumba, kuku wanaatamia juu yake. Kankolongo aliileta, akaifungua, akaisafisha, akaifunga tena. Iling'aa kabisa.

Siku ya kuijaribu, watu walijaa. Umeme wa mtaa wetu ulitoka kwenye jenereta ndogo ya zahanati. Jenereta hiyo ililisha taa za zahanati, friji ya chanjo, na nyumba chache za jirani. Kankolongo aliunga waya wake hapo. Akasimama wima.

"Leo Mama Bitota anapumzisha bega!" alisema. Akawasha.

"Mmmmh," mashine ilinguruma. Ikazunguka mara mbili. Ikanyamaza.

Redio ya Bulaimu, mshonaji wa jirani, ilizimika katikati ya wimbo. Muuguzi Okito alitoka zahanati mbio.

"Nani amekula umeme wangu? Friji imezima! Chanjo za watoto zitaharibika!"

"Pole, Sitwayeni," Kankolongo alisema, maana wakati ule kila mtu aliitwa hivyo, yaani raia. "Mashine inaona haya mbele ya watu. Inataka grisi tu."

Akaitia grisi. Wiki iliyofuata akawasha tena. Mmmmh! Taa zikafifia, friji ikazima, Okito akatoka mbio. Kankolongo akabadilisha mkanda. Mmmmh! Akabadilisha puli. Mmmmh! Safari hiyo Okito alitoka na sindano mkononi.

"Fundi, ukigusa waya huu tena, nakudunga. Na dawa sitii!"

Watu walicheka sana. Mauwa hakucheka. Nyumbani alimwambia mumewe polepole: "Baba Bitota, mwezi wa saba iko unakwisha. Mashine ikikataa, mutoto anabaki na mchi. Useme ukweli, mashine ni mugonjwa?"

"Mashine ni nzima," Kankolongo alijibu. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Kwa mara ya kwanza aliogopa.

Okito alimwita Onema, fundi wa umeme, aje kuangalia jenereta. Onema alikuwa mtu mfupi, mpole, anayependa kuuliza. Alimaliza kazi ya jenereta, kisha akaenda moja kwa moja kwa Kankolongo. Aliinama mbele ya mashine, akapangusa kibati kidogo kwenye mota.

"Fundi mwenzangu, hapa wameandika nini?"

"Nguvu za farasi kumi," Kankolongo alisoma.

"Na jenereta ya zahanati?"

"Sijui. Sikuangalia."

"Tano. Na hizo tano, friji na taa zinazitumia tayari." Onema alikaa juu ya gogo. "Sasa niambie wewe mutu wa reli. Lokomotive yako inapata nguvu wapi?"

"Aah, swali gani hili? Ndani! Iko na tanuru, iko na maji. Unatia kuni, maji yanachemka, mvuke unasukuma."

"Vizuri. Na mota hii, tanuru yake iko wapi?"

Kankolongo, haki ya Mungu, aliinama akachungulia chini ya mota. Bulaimu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Njo kosa lako hilo," Onema alisema bila kumcheka. "Umezoea mashine inayobeba moto wake tumboni. Ukaona chuma, ukafikiri nguvu iko ndani ya chuma. Mota ya umeme haina moto wake. Moto wake uko mbali, kule waya unakoanzia. Ukileta mashine mpya, lazima uongeze nguvu kule."

"Kwa hiyo grisi yote ile..." Kankolongo alisema.

"Grisi ulimpaka mutu mwenye njaa."

Kankolongo alijipiga paji la uso. "Mimi mpumbavu! Miaka ishirini, sijawahi kuongeza behewa bila kuongeza kuni!"

Mauwa alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza: "Baba Onema, na tukileta mashine kumi?"

"Mtakuwa na vyuma kumi vya kukalia kuku. Na hiyo si hapa tu, Mama. Ni nchi nzima. Kila siku tunasikia redioni kwamba tutajitengenezea misumari, saruji, vipuri. Ni sawa, mimi pia nataka. Lakini tanuru la chuma linakula umeme. Mashine ya kuchonga vipuri inakula umeme. Chanjo inataka friji, na friji inataka umeme. Hata fundi hajifunzi kwa mashine iliyosimama. Nchi ikiongeza mashine bila kuongeza nguvu, inazimisha zile za zamani, kama mlivyomzimishia Okito. Ikiongeza nguvu kwanza, kila mwaka inaweza kujaribu kitu kipya."

"Na Inga?" Bulaimu aliuliza. "Wamejenga bwawa kubwa la umeme kule magharibi."

"Wamejenga, na ni kazi nzuri. Lakini waya wa Inga haufiki Kindu. Tukae tunangoja?"

"Tulete jenereta kubwa, basi," Kankolongo alisema.

"Itakunywa mafuta. Mafuta yanakuja kwa treni. Wewe unajua treni vizuri kuliko mimi."

Kankolongo alikohoa. Alijua treni zinavyochelewa.

Onema alionyesha kwa kidevu, upande wa mashamba. "Lwimba iko pale."

Lwimba ni kijito chetu. Tulioga humo, tulifua humo, tuliloweka mihogo humo. Hakuna aliyewahi kukiangalia kama kitu chenye nguvu. Onema alitupeleka mpaka kwenye mawe, pale maji yanapoanguka. Alipima urefu wa maporomoko kwa kamba. Alipima maji kwa ndoo na saa. Ulikuwa wakati wa kiangazi, kijito kimepungua.

"Njo vizuri kupima sasa," alisema. "Yakitosha kiangazi, yatatosha siku zote." Akahesabu kwenye daftari lake. "Nguvu za farasi ishirini na tano. Ziko zinapita hapa usiku na mchana, bure."

Tulitazamana. Lo! Farasi ishirini na tano, na sisi tunafulia kaptula!

Gurudumu la maji lilikuwepo. Zamani shamba moja la kahawa lilikuwa nalo pamoja na dinamo na waya wake, na mwenye shamba alipoondoka vyote vilibaki kwenye majani. Kamishna wa zone, yaani mkuu wa wilaya, alitoa ruhusa tuvichukue. Kankolongo alizunguka gurudumu lile lenye kutu, akaligonga kwa nyundo, akasikiliza.

"Chuma hiki niachie mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi.

Dinamo aliishika Onema, na waya akauvuta mpaka mtaani. Kilichobaki kilikuwa mfereji wa kupeleka maji kwenye gurudumu: mita mia tatu za udongo mgumu. Nani atachimba?

Wakati ule tulikuwa na salongo. Kila Jumamosi, raia wote watoke kufanya kazi ya umma, wapende wasipende. Na kazi ya mtaa wetu ilikuwa kufagia barabara. Jumamosi hii tunafagia, Jumamosi ijayo tunafagia palepale. Mimi ninayewaandikia nilikuwa naegemea ufagio tu, nangoja saa sita.

Jumamosi ile kiongozi wa mtaa alikuwa ameanza kugawa mifagio. Mauwa akatoka mbele. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, kwa hiyo tulisogea sote kumsikia.

"Sitwayeni kiongozi," alisema, "barabara hii tumeifagia mpaka inataka kulia. Imekuwa safi tangu mwaka juzi. Bega langu limekufa kwa kutwanga. Binti yangu ana barua ya shule, na kinu kinamshika. Hapa kila mama yuko na kinu, na kila kinu kinamshika mutoto. Utupe salongo hii, tukachimbe mfereji wa Lwimba. Si kazi ya umma hiyo?"

Kiongozi alimtazama. Akatazama barabara, kushoto na kulia. Kisha akacheka, akatupa ufagio wake chini.

"Mama, kweli imekuwa safi. Leteni majembe!"

Jamani, tulichimba! Sijawahi kuona salongo ya namna ile. Watu walifika kabla ya kuitwa. Wanaume walichimba, wanawake walibeba udongo, Bulaimu alileta redio kututia nguvu. Wengine walirudi hata katikati ya wiki, bila kulazimishwa na mtu. Bitota alitwanga asubuhi, mchana alishika kamba ya Onema na kujifunza kupima mteremko.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa tulikutana na jiwe. Jiwe kubwa, pana kama nyumba, katikati ya njia. Tulilipiga nyundo siku mbili, likatucheka. Zilibaki siku kumi tu kufika tarehe ya prefe.

"Tuzunguke," mtu mmoja alisema.

"Kuzunguka ni mwezi mzima," Onema alijibu.

Kankolongo alivua shati. "Ondokeni. Kuni na maji? Hapo njo kwangu!"

Aliwasha moto mkubwa juu ya jiwe, akaulisha kuni kutwa nzima kama alivyolisha lokomotive. Jiwe lilipokuwa jekundu, akapiga kelele: "Maji!" Tukamwaga ndoo zote kwa pamoja. Mvuke ulipanda, na jiwe likapasuka, paa! Kankolongo akarukaruka ndani ya mvuke, tumbo wazi, anaimba Kiluba cha kwao Kasai. Mauwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita.

Jumamosi, tarehe kumi na moja, saa tatu asubuhi, tulifungua mlango wa mfereji. Maji yalikimbia. Gurudumu likalia, likasita, likazunguka. Onema alitazama kishale cha dinamo bila kupumua. Kisha akainua mkono.

"Zahanati kwanza!"

Tukakimbia kurudi mtaani, na Okito akaunga friji yake kwenye waya mpya. Ikawaka. Akaunga taa zote. Zikawaka.

"Sasa, Fundi, washa," Onema alisema.

Kankolongo hakutoa hotuba. Alimshika mke wake mkono, akauweka kwenye swichi. Mauwa akabonyeza.

Mashine ilinguruma na haikunyamaza. Pumba ziliruka upande mmoja, na upande wa pili mchele ulimiminika, mweupe, wa moto. Sote tuligeuka kumtazama Okito. Alikuwa mlangoni pa zahanati, anacheza. "Friji iko sawa! Iko sawa!"

Madebe mawili yaliisha kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Mauwa alitia mikono yote miwili ndani ya mchele, akalia. Alilia kwa furaha, na hakujificha.

Jumatatu, tarehe kumi na tatu, saa moja na nusu asubuhi, prefe aliita majina.

"Bitota binti Kankolongo!"

"Niko!"

Alikuwa amefika siku mbili kabla ya mwisho.

Tangu siku ile nguvu ile ilizaa kazi juu ya kazi. Mashine ya mpunga ilikula farasi kumi, wakabaki wengine. Seremala alileta msumeno wa umeme. Kijana mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya mto, alileta mashine ya kulehemu, akatengeneza majembe yaliyovunjika. Kankolongo alipata mashine ya kuchonga chuma, akaanza kutengeneza vipuri ambavyo zamani tulivingoja miezi kutoka mbali. Mafundi walizidi, kwa sababu sasa palikuwa na mashine za kujifunzia. Na kila mtu aliyekuja na mashine mpya, swali la kwanza lilikuwa moja: inataka farasi wangapi?

Mwaka wa 1980, farasi wote ishirini na tano walikuwa wamekwisha. Zahanati ilitaka mashine ya kuchemshia vyombo vyake. Hakuna aliyeshika grisi. Mtaa mzima ulishika majembe, ukaenda kwenye maporomoko ya pili ya Lwimba. Fundi wa kupima alikuwa amekwisha kufika, ana diploma yake ya umeme, sketi imelowa mpaka magotini.

Bitota alitazama saa, akahesabu ndoo ya mwisho, akaandika kwenye daftari.

"Yanatosha," alisema. "Chimbeni."