Ijumaa Tuliyozunguka Bahreni kwa Basi

Kitu cha kwanza nilichokiona ndani ya basi kilikuwa kitambaa cheupe. Dereva alikuwa amekifunga juu ya kioo chake cha ndani, kile cha kuwatazamia abiria wa nyuma.

"Kitambaa cha nini hicho?" Harub alimuuliza.

"Nyuma wamekaa wanawake, bwana. Nimekifunika kioo wakae kwa raha zao."

Harub akakichomoa kitambaa, akakitupa dirishani.

"Mie nna mchumba wangu huko nyuma. Nataka nimwone."

Wanaume wa mbele wakacheka. Nikashusha ukaya wa buibui langu.

Ulikuwa mwaka 1968. Sisi ni watu wa Maskati, tunakaa Matrah, tulikokimbilia kutoka Unguja baada ya mapinduzi. Tulipokimbia nilikuwa darasa la tano; shule yangu ikaishia hapo. Wazee wangu walikwishakufa, akanilea Ami Sleyum, nduguye baba. Harub ni mwanawe. Kwetu binti ni wa mtoto wa ami yake kwanza. Asipomwachia kwa kinywa chake mbele ya watu, hakuna mwanamume mwengine wa kumwoa. Ami aliniuliza mara tatu kama namtaka Harub, na mara tatu nilinyamaza kwa haya. Mwari akinyamaza huhesabiwa amekubali. Wakapiga vigelegele.

Bahreni tulikwenda kwa ajili ya macho ya Bi Mahfoudha, mama yake Harub. Bila ya ugonjwa wake tusingepata ruhusa ya Sultani ya kutoka Maskati. Harub alikuwa akifanya kazi huko, na harusi ingekuwa tukirudi wote nyumbani. Watu wa kwetu wanaokaa huko walikodi basi Ijumaa ile ili familia zikione kisiwa. Dereva aliitwa Thabit, naye wa Unguja.

Bi Mahfoudha alikuwa amefungwa bendeji macho yote mawili, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtazamia.

Tukasimama kwenye chemchem ya Adhari.

"Rahila mwanangu, maji yakoje?"

"Ya kijani, bi. Samaki wanaonekana mpaka chini. Na wanaume wanaoga."

"Wazuri?"

"Bi Mahfoudha, jamani."

"Nimefungwa macho, sikufungwa mdomo. Sema."

Mbele tukaupita msikiti wa zamani, nikamweleza bi: mnara huku na mnara kule.

"Muulize dereva, kwa nini minara miwili?"

Nikauliza kwa sauti ndogo, hata mwenyewe sikuisikia vizuri. Thabit alisikia.

"Mwambie bi, mmoja ulijengwa, wa pili ukaona haya kumwacha mwenzake peke yake."

Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka. Nilipoinua uso nikakutana na macho ya Harub ndani ya kioo.

Tulipofika kijiji cha Aali watu waliteremka. Pale pana makaburi ya kale, vilima kwa vilima mpaka macho yanachoka, na wafinyanzi wamechimba matanuri yao ndani ya vilima vyenyewe. Moshi unatoka makaburini. Bi Mahfoudha peke yake alibaki kwenye basi. Harub akanishika kifundo cha mkono, akaniburura mpaka nyuma ya tanuri, palipopangwa mitungi ikauke.

"Umecheka nini na dereva?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza wewe."

Kofi la kwanza liliniziba sikio. La pili likanipasua mdomo. Bangili zangu mbili za kioo zikavunjika mkononi mwake na vipande vikaniingia nyamani.

"Unanyamaza, siyo? Ndivyo ninavyokutaka. Ngoja tufike Maskati. Ukishakuwa mke wangu hutamcheka mtu tena."

Akanipiga teke la mbavu. Nikaangukia kwenye mitungi.

"Mwache."

Alikuwa Thabit, pale pembeni ya tanuri.

"Huyu binti ami yangu," Harub akasema. "Wewe mshika usukani yanakuhusu nini?"

"Hayanihusu. Mwache tu."

Harub akachomoa jambia lake la kiunoni. Thabit aliukinga uso kwa mkono wa kushoto, jambia likamchana kutoka kiganja mpaka kiwiko. Damu ikamwagika kwenye vumbi la udongo kama maji yaliyopinduliwa. Akarudi nyuma, mgongo ukagota tanuri. Hakuwa na pa kwenda. Harub akainua jambia mara ya pili.

Mtungi ukapasuka kichwani mwa Harub. Alipiga magoti kwanza, kisha akalala kifudifudi.

Watu walipofika mbio walimkuta Thabit amesimama juu yake, na mkono wake mzima umeshika shingo ya mtungi.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi," Thabit akasema.

Mimi hakuna aliyeniuliza.

Harub hakufa. Alishonwa kichwa, tukarudi naye Matrah kwa meli. Harusi ikaahirishwa mpaka kidonda kipone, naye akaapa Thabit atatiwa minyororo ngomeni. Meli iliyofuata ilimleta Thabit mwenyewe, kwa hiari yake. Bi Mahfoudha, ambaye sasa alikuwa anaona, alinitilia karatasi mkononi.

"Mimi mama yake Harub," akaninong'oneza. "Lakini mbavu zako nimeziona ulipokuwa unaoga. Soma."

Karatasi ilisema:

"Rahila, nikikimbia watasema tulikuwa na jambo, na atakayeumizwa ni wewe. Usiseme kitu. Minyororo nitaizoea. Thabit."

Jioni, baada ya sala ya alasiri, Ami Sleyum aliwakusanya wanaume barazani. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya pazia.

"Rahila, mwanangu," Ami akaita. "Wewe ulikuwepo. Thabit ndiye aliyempiga Harub? Ukinyamaza nitajua ndiyo, na asubuhi tunampeleka kwa liwali."

"Atanyamaza tu, baba," Harub akasema. "Huyo hana ulimi."

Nikafungua pazia nikatoka.

"Siye," nikasema. "Mtungi nilimpiga mimi."

Wanaume wote wakanigeukia.

"Rahila, nyamaza," Thabit akasema.

"Shingo ya mtungi alininyang'anya mkononi watu walipokuja."

Mzee mmoja akaitazama mikono yangu, kisha akamgeukia Harub.

"Umelazwa na hivi vijiti?"

Wakaanza kucheka. Sikungoja wamalize.

"Ami, mara tatu nilinyamaza, mkapiga vigelegele. Leo nasema. Simtaki Harub."

Harub akaruka, akalipiga teke dele la kahawa, akanikaba koo kwa mikono miwili. Nikaona kiza. Thabit alimrukia mgongoni, lakini aliyenitoa mikononi mwa Harub ni Ami. Alimchapa mwanawe bakora ya mkono, akamchapa ya bega, na ya tatu ikavunjikia mgongoni.

Harub akasimama, damu ya kidonda cha kichwani kilichofumuka inamchuruzika shavuni.

"Mchukueni," akasema. "Namwachia. Aende na dereva wake. Mwanamke wa kupasua watu vichwa mie wa nini?"

Ami alikuwa anahema.

"Mmesikia?" akawauliza watu.

"Tumesikia."

"Amemwachia kwa kinywa chake. Thabit, wewe una neno?"

"Nnalo," Thabit akasema. "Lakini aulizwe yeye kwanza. Na ajibu."

Nikajibu. Tukaoana kabla ya Ramadhani. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki mpaka leo, vifungo vya kanzu namfunga mimi.

Watu wa Matrah husema nilimpasua Harub kichwa kwa mapenzi ya Thabit. Thabit mwenyewe husema hivyo, tena hujivuna, na mimi sijapata kumkatalia. Lakini Thabit alipotokea pale pembeni ya tanuri, mtungi nilikuwa nimeshaushika shingoni, nimeuficha ndani ya buibui, namngoja Harub ainame.