Dawa ya Tumbo la Revelian

Kwetu Bukoba mwanamke humsalimu mkubwa wake kwa kupiga magoti. Tulipohamia Temeke, mwaka wa hamsini na moja, tuliacha mambo mengi nyuma yetu, lakini hilo hatukuliacha. Kupiga magoti hakukunishinda. Kilichonishinda ni kuinuka.

Jumapili moja shemeji yangu Ansbert alikuja kututembelea baada ya misa. Yeye ni kaka mkubwa wa mume wangu Revelian, na ni katibu wa chama cha watu wa Bukoba hapa mjini. Nilipiga magoti mlangoni, nikamsalimu. Akaitikia, akapita, akaketi. Mimi nikabaki pale chini. Maumivu yalikuwa yamenikamata chini ya kitovu, kama mikono inayokamua nguo. Nikachukua kitambaa, nikajifanya nafuta sakafu.

"Mkeo ana bidii," Ansbert akasema. "Hata Jumapili anapiga deki!"

Revelian alinitazama. Alijua.

Maumivu hayo yalikuwa na umri wa miaka miwili. Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa ya miezi mitatu. Baada yake nikapata homa wiki nzima, na uchafu wenye harufu ukanitoka ukeni. Homa ikaisha. Uchafu ukawa unakuja na kwenda. Maumivu hayakwenda popote. Nilipika nimeinama. Nilipiga pasi nimekaa. Mume wangu aliponikaribia, nilifumba macho na kuuma shuka. Sikupata mimba nyingine.

Mtauliza kwa nini hatukwenda hospitali. Revelian alikuwa karani katika ghala la katani bandarini, na kampuni yake ilikuwa na daktari. Mfanyakazi akiugua alipewa cheti, akatibiwa bure. Lakini cheti kilikuwa cha mfanyakazi tu. Mke hakuwa na cheti, na sisi tuliamini kwamba asiye na cheti hana daktari. Hospitali ya Serikali tuliisikia kwa watu kwamba ni mahali pa kwenda kufia.

Basi Revelian akafanya hila. Aliifanya kwa mapenzi, siwezi kumnyima hilo. Alikwenda kwa daktari wa kampuni, akashika tumbo lake mwenyewe, akasema, "Naumwa hapa." Akarudi na chupa ya dawa nyeupe kama chokaa.

"Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni," akaniambia. "Na usile pilipili. Na upunguze pombe."

"Mimi sinywi pombe."

"Hata mimi sinywi. Lakini ndivyo alivyosema."

Siku ile tulicheka. Chupa ilipokwisha, Revelian aliiosha, akaenda kuumwa tena. Akafanya hivyo mwezi baada ya mwezi. Nilikunywa chokaa ile mpaka ulimi wangu ukasahau ladha ya chakula. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Ilifika mahali nikiomba rozari siombi kupona. Naomba tu jambo hili lifike mwisho, wowote ule.

Katika nyumba hiyohiyo, chumba cha pili, alikaa Bi Hamisa. Alikuwa mwenyeji wa Mbagala, mkunga aliyesomea kazi yake, naye alifanya kazi katika hospitali ya Serikali mjini. Siku moja tulikuwa uani tukifua.

"Shikamoo, Bi Hamisa."

"Marahaba. We Genoveva, mbona unakaa upande mmoja kama kuku anayeatamia?"

"Nimechoka tu."

"Uchovu gani huo, mwaka wa pili sasa? Mie nazalisha watu, mwanangu, usinidanganye. Na ile chupa dirishani kwako ya nini?"

"Dawa ya tumbo."

"Nani kakupa?"

Nikamweleza yote, kuhusu mimba iliyotoka, homa, uchafu, cheti, daktari wa kampuni, pilipili na pombe. Bi Hamisa akaacha kufua.

"Yaani mumeo anakwenda kuumwa badala yako?"

"Ndiyo."

"Haya. Na huyo daktari alimwuliza Revelian hedhi yake inakuja lini?"

Sikujua nicheke au nilie. Nikalia.

Bi Hamisa akajifuta mikono, akanisogelea. "Sikiliza. Daktari hutibu anachokiona na anachoambiwa. Ameona mwanamume, ameambiwa tumbo, ametoa dawa ya tumbo la mwanamume. Hana kosa. Wewe ugonjwa wako hauko kwenye chakula. Uko kwenye kizazi. Mimba ikitoka, mara nyingine kuna kitu kinabaki ndani. Kinaoza. Ile homa yako ndiyo iliyokuwa inakuambia. Mwanamke mwenye homa na uchafu baada ya mimba kutoka, au baada ya kujifungua, hangoji hata siku moja."

"Hatuna cheti, Bi Hamisa."

"Cheti cha nini? Wodi ya kawaida hawaulizi kampuni yako. Wanauliza jina lako na unaumwa wapi. Kuna foleni ndefu, hilo sikufichi."

"Daktari ni mwanamume."

"Mwanamume, tena Mzungu. Mie nitakuwa nawe ndani ya pazia."

Nikasema lile nililokuwa nimelificha kuliko yote. "Mwanamke wa Bukoba mjini hapa akitaja ugonjwa wa huko chini, watu wana jina tayari la kumpa."

"Watakuita malaya. Najua. Hata wodini nawasikia wakisema hivyo, na huwa nawanyamazisha. Sasa wewe chagua, uitwe jina ukiwa hai, au usifiwe heshima yako tukikuzika."

Kisha akanifundisha maneno. Akanitaka niyaseme kwa sauti palepale uani: maumivu yalianza lini, na baada ya nini. Mkono wangu uoneshe mahali penyewe. Damu ya mwezi inakujaje. Uchafu una rangi gani, una harufu gani. Tendo la ndoa linauma au haliumi. Mara ya kwanza nilinong'ona.

"Sikusikii," akasema. "Hata kuku wa jirani hajasikia."

Jumatatu iliyofuata tulitoka alfajiri. Hospitalini Bi Hamisa alinionesha foleni, akaenda kuvaa sare yake. Mezani alikaa dresa mmoja, msaidizi wa daktari, mtu mzima, kalamu mkononi.

"Unaumwa nini?"

Maneno yote ya uani yakanitoroka. "Tumbo," nikasema.

"Dirisha la tatu. Una chupa?"

"Ninayo," nikajibu. Nilikuwa nimeitia kikapuni kwa mazoea, ile chupa ya Revelian. Nikaenda dirisha la tatu. Mbele yangu walikuwa watu sita, kila mmoja na chupa yake. Nikachungulia. Mtu wa dirishani alikuwa anapima dawa nyeupe kama chokaa.

Nilijiona nikirudi Temeke na chupa ileile, dawa ileile, na sakafu ileile ya kufuta. Nikageuka, nikarudi mezani. Nikawapita watu. Wakanizomea. "Foleni, mama! Wengine sie si watu?"

"Bwana," nikamwambia dresa, "nimekudanganya. Si tumbo. Ni kizazi. Mimba ilinitoka miaka miwili iliyopita. Tangu hapo natokwa na uchafu ukeni, unanuka. Mume wangu akinikaribia naumia. Sitaki dawa nyeupe. Namtaka daktari."

Nilisema kwa sauti ya uani. Watu wa foleni wakanyosha shingo kunitazama. Nikageuka, nikamwona Auleria, mke wa Ansbert, amesimama watu wanne nyuma yangu, kashika mdomo.

Dresa hakucheka. Aliandika. "Pazia la kushoto," akasema. "Kakae, utaitwa."

Daktari alinipima, Bi Hamisa akiwa amenishika mkono. Iliniuma mpaka nikatokwa na machozi. Daktari akasema neno, Bi Hamisa akanieleza: kizazi na mirija yake vina usaha wa siku nyingi. Nilazwe, nipigwe sindano za penisilini. Na mume aje apimwe na atibiwe, maana ugonjwa wa aina hii unaweza kukaa kwa mume bila yeye kuujua, na mke akipona akaupata upya.

Revelian alikuja jioni, nikamwambia. Akaruka.

"Mimi? Mimi siumwi!"

"Umeumwa miaka miwili, Revelian. Kaumwe mara moja zaidi."

Aliinamisha kichwa. Asubuhi alikwenda. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kumweleza daktari habari za mwili wake mwenyewe.

Nililala wodini siku kumi na nne. Hakuna aliyeniuliza cheti. Siku ya kumi nilisimama bila kushika kitanda. Siku ya kutoka nikamwuliza daktari, kwa kinywa cha Bi Hamisa, kama nitazaa. Nilimwona Bi Hamisa akichelewa kunigeuzia maneno yake.

"Anasema mirija imeziba kwa makovu. Pengine hutazaa." Akanishika bega. "Anasema ungekuja wiki ile ya homa, ingekuwa kazi ya siku chache."

Ndivyo nilivyopona. Maumivu yamebaki kidogo tu, siku za baridi na siku za hedhi. Napika nimesimama. Lakini kuna nguo sita ndogo za mtoto ndani ya sanduku, nilizishona kabla ya mimba kutoka. Siku nyingine nazitoa, nazikunja upya, nazirudisha. Revelian akinikuta hivyo hutoka nje.

Na Auleria? Siku ile ya foleni alikuja na homa ya siku tatu. Mimba yake ilikuwa imetoka, hakumwambia mtu. Alikuwa amekusudia kuomba dawa ya homa tu. Aliponisikia, naye akafika mezani akasema yote. Walimtibu wiki moja. Mwaka huu ana mtoto wa kike, mnene. Nilipokwenda kumpongeza alinipakatisha mtoto, akakaa karibu yangu mpaka nilipoweza kumrudisha.

Wanawake wengine wa chama wakaanza kuniuliza. Nikawafundisha maneno ya Bi Hamisa. Nikawaambia: usimtume mume akaumwe badala yako, usikubali kuondoka na dawa kabla hujasikilizwa, na usidhani kukosa cheti ni kukosa daktari.

Habari ikamfikia Ansbert. Akaitisha mkutano wa chama, Jumapili, nyumbani kwake Kinondoni. Watu walijaa ukumbini hadi barazani. Nilipiga magoti mbele yake, nikamsalimu kama anavyostahili.

"Genoveva," akasema, "umetaja mambo ya chumbani mbele ya watu. Umemfanya ndugu yangu achomwe sindano kama mhuni. Na sasa wake zetu wanataja viungo vyao kama wanataja viazi sokoni. Hatutaki makuu. Omba radhi mbele ya chama, yaishe."

Revelian alinisogezea mkono ili anisaidie kuinuka. Sikuushika. Niliinuka mwenyewe, mbele ya watu wote, bila ukuta, bila kitambaa cha kufutia sakafu. Nyuma ya Ansbert, mlangoni, alisimama Auleria na mtoto begani.

"Shemeji," nikasema, "nilinyamaza miaka miwili kwa heshima yenu. Ukimya ule umekula watoto wangu. Mke wako hakunyamaza, na mtoto wake yule pale. Kama kuna neno nililolisema kwa uwongo, lionesheni."

Watu wakamgeukia Auleria na mtoto.

"Omba radhi," Ansbert akarudia.

"Siombi," nikasema. "Wala leo, wala mwakani."