Kidonda cha Bibi Généreuse

Apolonia alikuwa na nyumba ya kulelea wazee huko Alief, Houston. Mfanyakazi wake wa mchana alikuwa Ndeshi, mwanamke mpole aliyeifanya kazi hiyo miaka tisa.

Apolonia alimthamini, ila hakumpa nafasi ya kupumua. Kila nusu saa alituma ujumbe. "Uji umeiva? Nipigie picha." Siku moja Ndeshi alimbadilishia mzee mto bila kuuliza. Apolonia akamfokea mbele ya watu.

"Hapa hakifanyiki kitu bila mimi kujua!"

Tangu hapo Ndeshi akawa mtu wa "ndiyo, dada" tu.

Jumatatu moja aliona ngozi ya kisigino cha Bibi Généreuse imebadilika rangi. Bibi huyo, Mkongo, hakuweza kujigeuza kitandani. Ndeshi alijua la kufanya: kuinua mguu, kumgeuza mara kwa mara, kumwita muuguzi. Lakini aliogopa. Akamwandikia Apolonia, akasubiri ruhusa. Ujumbe ukapotea katikati ya picha za uji na mashuka.

Alhamisi Apolonia akakuta kidonda.

"Kwa nini hukufanya kitu?"

"Dada, ulinikataza."

Wiki ileile Vital, mtoto wa Bibi, akamhamisha mama yake. Ndeshi naye akaacha kazi.

Apolonia alilia kwa jirani yake Yasinta, msimamizi wa wauguzi hospitalini.

"Nilitaka kazi iwe safi tu."

"Kukagua si kosa, shoga yangu," Yasinta alisema. "Kosa ni kumtia mtu hofu ya kufikiri. Kaa na mfanyakazi wako. Mkubaliane yapi ataamua mwenyewe, na yapi lazima akuulize. Hatari ikitokea, achukue hatua kwanza. Kutaneni asubuhi, dakika kumi zinatosha. Akikosea, mwelekeze faraghani."

Apolonia alifanya hivyo na Edson, mfanyakazi mpya. Haikuwa rahisi, mara nyingi alijizuia kwa nguvu. Mwezi wa pili, Mzee Otieno alibanwa na pumzi. Edson aliita gari la wagonjwa papo hapo, ndipo akamwarifu Apolonia. Mzee alipona.

Jioni hiyo Apolonia alimpigia Ndeshi, ambaye sasa alikuwa akifanya kazi katika nyumba nyingine ya wazee, mjini Carrollton.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikukosea."

"Nilishakusamehe, dada."

"Utarudi?"

"Hapana, dada. Huku wananiuliza, 'Ndeshi, wewe unaonaje?'"

Kwa miaka yote waliyokaa pamoja, Apolonia hakuwahi kumuuliza hivyo hata mara moja.