Kijibwa cha Chini ya Lifti

Lifti ya jengo lile la biashara ilikwama asubuhi, na watu wakajazana mlangoni wakinung'unika, msusi akiwa miongoni mwao na mfuko wa rasta mkononi. Mara mlango ukapanuliwa kwa mikono, akachomoza kijana mrefu, ovaroli limelowa grisi, kifuani amekumbatia kitu kinachotetemeka. Kilikuwa kijibwa, kidogo kama kiatu. Hakuna aliyejua kilifikaje huko shimoni, wala kilinusurikaje na chuma kile kikubwa kikipanda na kushuka juu yake.

"Dada yangu, nishikie nimalize kazi," fundi alimwambia msusi, kana kwamba pale hapakuwa na mtu mwingine. Akamtajia namba ya simu, akatabasamu, meno meupe katika uso uliochafuka, akazama tena.

Msusi alisubiri hadi saluni yake humo jengoni ikafungwa. Fundi hakutokea, na namba yake haikupatikana. Basi akakiviringisha kijibwa ndani ya mtandio wake wa zambarau, akaenda nacho nyumbani huku akimsema moyoni yule mwanamume anayewabebesha watu mizigo kwa tabasamu.

Mama yake hakutaka hata kukiona. Alisema ana mgonjwa wa kuuguza, hana muda wa kufuta mikojo ya mbwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa baba, dereva wa mabasi mstaafu. Tangu apigwe na kiharusi hakuwa ametamka neno, na mkono wake wa kulia ulilala tu pajani kama si wake. Baada ya kubembelezwa sana, mama alikubali kijibwa kilale jikoni mpaka kipate wa kukichukua.

Kulipokucha, msusi alikikuta sebuleni, kimejikunja kwenye kochi ubavuni mwa baba. Mama ndiye aliyekiweka hapo baada ya kuchoshwa na kilio chake, ingawa baadaye alikana. Msusi alinyoosha mkono akiondoe, kisha akaganda. Vidole vya ule mkono uliokufa vilikuwa vikitambaa, polepole mno, vikiyafuata yale manyoya. Vikayafikia. Vikatulia juu yake. Mama alisimama mlangoni, kikombe kimeinama, chai ikimwagika asijue.

Siku chache baadaye simu ya msusi ikaita.

"Haloo, msusi wangu?"

"Wako tangu lini? Na ile namba uliyonipa ilikuwa ya kuzimu?"

Fundi akacheka, kisha akaeleza. Simu yake ilidondoka shimoni bila yeye kujua alipoinama kumwokota mbwa, ikavunjika, na alipomaliza kazi tu mkubwa wake akamtuma kwenye kazi nje ya mji. Aliporudi alikwenda saluni asimkute msusi, wenzake wakampa namba yake, pamoja na matusi yote aliyomwachia.

"Nisamehe, mrembo. Jioni nakuja kumchukua, nikupunguzie taabu."

Msusi alikuwa ameanza kutabasamu. Neno lile, kumchukua, likamchoma.

Jioni fundi akaja, shati limepigwa pasi, ananukia sabuni. Msusi alivaa gauni lake la manjano, na mama akaliona. Msusi akamsimulia mgeni habari za ule mkono. Fundi alisikiliza, machozi yakamlengalenga, akachuchumaa mbele ya kochi.

"Shikamoo, mzee. Kama anawasumbua, nitaondoka naye."

Baba alimkazia macho. Mdomo wake ukapinda, ukahangaika. Ikatoka sauti ya kukwaruza, ngeni hata kwa mkewe.

"Wa... baki."

Mama akapiga magoti mbele ya kochi. Akamshika mumewe goti. "Abaki, baba. Mbwa ni mmoja."

Baba akatikisa kichwa kukataa. Akakitazama kijibwa, akamtazama fundi, halafu macho yake yakatua kwa binti yake na kukaa hapo.

"Wabaki," akarudia.

Msusi alihisi kiganja kigumu cha fundi kikiutafuta mkono wake, akakiacha kiushike. Mama akajifuta machozi, akainuka kuongeza sahani mezani.