Maji ya Kusuuzia

Kiganja cha kwanza cha maji kilionekana kwenye kioo cha ghorofa ya tatu, mchana kweupe. Kilikuwa kidogo, cha mtoto. Kioo chote kilikuwa kimekauka kwa jua, ila pale tu pakakataa kukauka.

Omari, msafisha vioo, alilaumu nozeli. Brashi yake ndefu ilirusha maji kwa vitundu viwili vyembamba. "Hizi hazisuuzi," alijisemea, akazibadilisha kwa nyingine za kutawanya maji kama feni. Viganja vikawa viwili. Wiki iliyofuata akanunua bomba la kusuuzia, lile linalokaa juu ya brashi na kumwaga upana wote. Lilikunywa maji maradufu, lakini Omari hakujali. Maji alikuwa nayo.

Maji ya mjini huacha madoa meupe, kwa hiyo yeye alijaza tangi kwenye chemchemi moja ya mlimani, huko Oldonyo Sambu. Wenyeji pale huchota kwa kibuyu, na kibuyu cha kwanza humrudishia mwenye chemchemi, asiyeonekana. Bibi Nasieku, mzee wa pale, alimwonya hivyo. Omari alimwamkia shikamoo, akacheka, akatumbukiza mpira wa pampu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii guu halikuwa lake.

Asubuhi moja mkewe, Nusura, alimwita kwa sauti ya chini.

"Baba Swabaha, njoo. Polepole."

Binti yao wa miaka sita alikuwa amelala kwenye godoro lililolowa chapachapa.

"Si mkojo. Nusa."

Ilikuwa harufu ya mawe baridi ya mlimani. Maji yalimtoka mtoto viganjani, tone kwa tone, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

Hospitalini walimtundikia dripu, ikaingia mkononi ikatokea kiganjani, daktari akawarudisha nyumbani, na jioni Shehe Abdulrahman alipokuja kusoma, mtoto alifumbua kinywa, na sauti nzito iliyotoka humo haikuwa ya mtoto, ikasema neno moja tu: "Nirudishiwe."

Omari akamsimulia habari ya chemchemi.

"Ulichota kiasi gani?" shehe alinong'ona.

"Matangi kumi na moja. Ya lita elfu."

"Yarudishe."

"Nimeyamwaga, shehe! Yameishia kwenye vioo, yako mitaroni!"

Alfajiri Omari alipeleka tangi zima la maji ya bomba, akalimimina, na chemchemi ikayatapika yote miguuni pake. Akalia pale, mwanamume mzima. Ndipo akakumbuka chupa iliyokuwa garini, ambayo Nusura aliikinga chini ya viganja vya mtoto usiku kucha. Akaimimina. Chemchemi ikayanywa kimya.

Tangu hapo hupeleka maji ya viganja hivyo kila siku, kulipa yale matangi kumi na moja. Akikosa siku moja, maji humtoka mtoto kwa kasi zaidi. Shehe haji tena. Alisema wazi kwamba hana la kufanya.

Leo Nusura amekinga bakuli la nne.

"Baba," Swabaha ameuliza, "bado mengi?"

Omari amemfunika shuka, akachukua funguo za gari.