Sauge ya Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi hufagia uwanja wa nyumba yetu, katika mtaa wa mji wetu uitwao Kenya, kisha humwagilia lengalenga maji ndoo nzima. Jioni hurudia. Ile mboga ina kiu jamani! Ukiisahau siku moja tu, inalala chini.

Kando yake Mama alipanda kichaka cha sauge, ambayo wengine huiita seji. Majani yake ni ya kijivu, laini, yenye harufu kali. Wakati wa baridi na vumbi alichemsha majani mawili matatu, nasi tukasukutua koo. Lakini tangu mwezi wa pili Mama yuko mjini Kitwe, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, anamuuguza dada yake. Nilimkumbuka mno. Nilikuwa nikisugua jani moja, nasikia harufu ya vidole vyake.

"Mapalo, unichungie sauge yangu," aliniambia siku ya kuondoka.

Basi nikaichunga kweli! Niliipa maji asubuhi na jioni, na kila nilipomkumbuka Mama niliongeza kikombe. Majani yakawa ya manjano, kisha meusi. Nikadhani ina kiu, nikazidisha maji.

Jumapili Mama akapiga simu kuulizia sauge yake.

"Iko muzuri sana, Mama," nikajibu, nikiyatazama yale majani meusi.

"Asante, mutoto wangu. Nikija nitamubebea mama yako mukubwa. Anakohoa sana."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Kambo Madeleine, yaani bibi yangu anayeishi nasi, alinikuta hapo. Nikamweleza yote, hata uongo wangu. Akaenda kuchomeka kidole kwenye udongo.

"Eh! Matope matupu. Mizizi imeoza. Mapalo, hii si lengalenga! Sauge inapenda jua na udongo mukavu."

Alikata vichipukizi vitatu vilivyobaki vizima, akavipanda kwenye makopo yaliyotobolewa chini, yenye mchanga. "Utamwagilia ukigusa ukikuta kumekauka. Sasa mupigie mama yako."

"Kesho, Kambo."

"Sasa hivi."

Nikampigia Mama, nikamwambia ukweli. Akasema tu, "Nimesikia," simu ikakatika. Usiku ule sikulala vizuri.

Baada ya wiki sita Mama alikuja kwa siku mbili. Kichipukizi kimoja kilikuwa kimekufa, viwili vilikuwa na majani mapya. Alibeba kopo moja, akaniachia lingine. Kwenye kituo cha basi nilimng'ang'ania kiuno, machozi yakanitoka mbele za watu.

"Sikukasirikia sauge," alisema, akinifuta uso kwa kitenge chake. "Sauge inapandwa tena. Lakini mimi niko mbali, Mapalo. Nyumba yetu naiona kwa mudomo wako tu. Ukinidanganya, sioni kitu."